Utangulizi: Bei ya Kukataza Mabadiliko

Kitabu hiki kinahusu jambo ambalo kozi nyingi za kompyuta hulipitia juu juu: data iliyokatazwa isibadilike, na bei tunayoilipa kwa katazo hilo. Anayejifunza kuandika programu za mfumo, yaani zile zinazokaa karibu na mashine yenyewe kama mifumo endeshi, hifadhidata na programu za vifaa vidogo, huambiwa mapema kwamba neno const ni tabia njema, na kwamba mwandishi makini huliweka kila linapokubalika. Sina ugomvi na fundisho hilo. Ugomvi wangu ni kwamba linaishia hapo. Faida za const mwanafunzi anatajiwa darasani. Hasara zake anakutana nazo peke yake usiku, kompaila ikimgomea.

Ili tusizungumze hewani, tuanzie Gonja. Gonja iko upande wa mashariki wa Milima ya Upare Kusini, wilayani Same, pale milima inaposhuka ghafla hadi bonde la Mkomazi. Ukitoka Same kwa barabara ya Kisiwani, unafika Maore, sehemu ya Gonja, kabla hujafika Ndungu na Kihurio. Mto Hingilili unateremka kutoka juu, na kule tambarare watu wanalima mpunga wa kumwagilia. Nani apate maji kiasi gani ni swali la tangu enzi za mifongo na ndiva, ile mifereji na mabwawa ya jadi ya Wapare. Kwetu sisi wa kompyuta linazaa swali jingine, dogo zaidi: utapimaje maji yanayopita mferejini mchana na usiku bila kumweka mtu pale?

Tuchukue Arduino Uno, ambayo vijana wengi wa vyuo vyetu wameishika mkononi. Chipu yake, ATmega328P, ina kilobaiti 32 za flashi ambamo programu inakaa, kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya kazi, na kilobaiti 1 ya EEPROM, ambayo inashika data hata umeme ukikatika. Tukiifungia kihisi, itatupa kina cha maji kwa sentimita. Mkulima lakini hana haja na kina. Anachotaka kujua ni lita ngapi zinapita kwa sekunde. Kati ya kina na lita kuna jedwali, na jedwali hilo halitoki kitabuni. Wataalamu wa maji hulipata kwa kuupima mto wenyewe mara nyingi, maji yakiwa haba na yakiwa mengi. Tuseme letu lina mistari 256, kuanzia sentimita 0 hadi 255, na kila mstari unabeba namba ya baiti mbili. Jumla ni baiti 512.

Jedwali hili halibadiliki programu ikiwa inaendelea kufanya kazi. Basi mwanafunzi aliyefundishwa vizuri ataliandika kwa C na kuweka const mbele yake, kisha atalala usingizi. Tuone amepata nini.

Atadhani jedwali limekaa kwenye flashi, maana ndiko mahali pa vitu visivyobadilika. Halikukaa huko. Katika chipu za ukoo huu, flashi na kumbukumbu ya kazi zina anwani zake mbalimbali, na maelekezo ya kusoma huku si yale ya kusoma kule. Kwa hiyo kifaa kinapowashwa, jedwali zima linanakiliwa kwenda kumbukumbu ya kazi ili lisomeke kwa njia ya kawaida, const au bila const. Baiti 512 kati ya 2,048 ni robo nzima, imekwenda kabla programu haijafanya lolote. Ukitaka libaki kwenye flashi, lazima uongeze alama nyingine, PROGMEM, na ulisome kwa fankisheni maalumu. Neno const halikusema chochote kuhusu mahali data inapokaa, ingawa karibu kila anayeanza anaamini limesema.

Halafu mvua inakuja. Waliokuwepo wakati wa El Niño ya 1997 na 1998 hawahitaji kuelezwa mto wa mlimani unavyojichimbia njia mpya. Mchanga unahama, mawe yanasogea, na sentimita 40 za leo hazibebi tena lita zile za mwezi uliopita. Jedwali linapaswa kupimwa upya. Kama limejengwa ndani ya programu, mtu itabidi aende kando ya mto na kompyuta, waya, msimbo asilia na kompaila inayofaa, aichomeke programu nzima upya kwa sababu ya namba chache. Kama lingekuwa kwenye EEPROM, mwenye kifaa angerekebisha mistari iliyoharibika kwa vitufe vitatu na kurudi shambani. EEPROM ya chipu hiyo imehakikishiwa kuandikwa mara 100,000. Ukiiandika mara moja kila siku, hiyo ni zaidi ya miaka 270. Kumbe aliyeandika const hakuuondoa ugumu wa mabadiliko. Aliuhamisha kutoka mezani pake, akamtwisha mtu wa mtoni.

Hapa ndipo hoja ya kitabu hiki inapoanzia. Kila mara unapoambiwa kwamba data fulani haibadiliki, uliza maswali mawili: haibadilishwi na nani, na kwa muda gani? Lugha nyingi za programu hujibu swali moja huku zikijifanya zimejibu yote mawili. Kasoro, marudio na unakili wa bure tutakaouona sura baada ya sura vinatoka kwenye mwanya huo.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko kwenye chipu za ARM. Maktaba yao rasmi ya C, CMSIS, inavitangaza vijisanduku vya maunzi vya kusomwa tu kwa maneno mawili yakiongozana: volatile na const. Msomaji mgeni anashangaa. La kwanza linaiambia kompaila kwamba thamani inaweza kubadilika wakati wowote, la pili linaonekana kusema haibadiliki kamwe. Hakuna mgongano. Kihisi ndicho kinachobadilisha thamani. Programu imekatazwa kuiandika. Katika C, const iliyowekwa kwenye kielekezi ina maana ya “wewe, kwa njia hii, usiandike”. Haijawahi kuwa na maana ya “kitu hiki kitabaki kilivyo”.

Ndiyo maana hata kasi ambayo watu huitarajia haiji. Fankisheni ikipokea kielekezi cha const, ikasoma thamani, ikaita fankisheni nyingine iliyoandikwa kwingine, kisha ikasoma tena, kompaila kwa kawaida italazimika kuifuata thamani upya kwenye kumbukumbu. Pengine ile fankisheni ya pili ina kielekezi kingine, kisicho na const, kinachofika mahali pale pale. Const inafunga njia moja tu, na kompaila haina habari na njia nyingine ziko ngapi.

Historia yake si ndefu. Mwaka 1981 Bjarne Stroustrup, akiwa Bell Labs, aliandika waraka wa ndani akipendekeza maneno mawili, moja la data ya kusomwa tu na jingine la data ya kuandikwa tu. Wenzake wa Bell Labs walilikubali lile la kwanza kwa sharti liitwe const, na baadaye kamati iliyokuwa ikisanifisha lugha ya C ikaliingiza katika kiwango cha 1989. Haja ilikuwa ya kweli. Katika baadhi ya kompaila za zamani za Fortran uliweza kuipa fankisheni namba 4, fankisheni ikaandika 5 juu yake, na tangu hapo kila mahali programu ilipotaja 4 ikawa inapata 5. Aliyewahi kusaka kasoro ya namna hiyo hawezi kuibeza const.

Hata hivyo Dennis Ritchie, muasisi wa C, hakuridhika. Mwaka 1988 aliiandikia kamati barua kali ya kupinga neno jingine, noalias, na neno hilo likatupwa. Ndani ya barua hiyo aligusia const pia. Aliona ina manufaa kuliko volatile, lakini inajipenyeza zaidi, kwa kuwa imekaa kwenye milango ya maktaba na hakuna awezaye kuikwepa. Hakushawishika kwamba manufaa hayo yanalipa gharama ya kuibeba. Barua hiyo inakumbukwa kwa ajili ya noalias. Kwa maoni yangu mistari michache kuhusu const ndiyo ambayo miaka imeithibitisha.

Tuangalie kujipenyeza huko kwa karibu, kwani ndiyo hasara ya kwanza utakayoihisi mwenyewe. Rudi kwenye kifaa chetu. Una fankisheni inayokokotoa wastani wa vipimo vya siku nzima, nayo inaita nyingine ya kutafuta kipimo kikubwa, ambayo inaita nyingine ya kulinganisha. Hakuna hata moja inayoandika kitu. Siku moja unaamua vipimo viwe const. Kompaila inaikataa fankisheni ya kwanza kwa sababu haikuahidi kutoandika. Unaipa const; sasa inakataliwa ya pili, kisha ya tatu. Ya tatu iko kwenye maktaba ya mtu mwingine, aliyeiandika zamani bila kujali const. Haiandiki chochote, lakini haikuahidi kwa maandishi. Umebaki na njia mbili: kuhariri maktaba isiyo yako, au kulazimisha aina ili kompaila inyamaze. Wengi huchukua ya pili, na kuanzia hapo msomaji wa programu hiyo hajui tena ni const ipi ya kweli na ipi ya uongo.

Maktaba ya C yenyewe imewahi kufanya hivyo. Fankisheni strchr, inayotafuta herufi ndani ya maandishi, ilitangazwa kupokea kielekezi cha const na kurudisha kielekezi kisicho na const, cha kwenda ndani ya maandishi yale yale. Ipe maandishi yaliyokatazwa kuandikwa, itakurudishia ruhusa ya kuyaandika. Walioitunga hawakuwa wazembe. Fankisheni moja ilipaswa kuwahudumia wenye data ya kubadilika na wenye data isiyobadilika, na C haikuwa na njia ya kusema “nirudishie ruhusa ile ile niliyokuja nayo”. C++ ililitatua kwa kuandika fankisheni mbili zenye jina moja. C yenyewe ilisubiri hadi toleo linaloitwa C23.

Kuandika mara mbili ndiyo hasara ya pili, na C++ imejaa mifano. Kila aina inayotoa kitu kilichomo ndani yake huhitaji fankisheni ya kukitoa kwa kusoma na nyingine ya kukitoa kwa kuandika, miili yao ikifanana neno kwa neno. Kuna vitabu vinavyoheshimika vinavyofundisha jinsi ya kuifanya moja iiite nyingine kwa kulazimisha aina mara mbili. Dawa hiyo inafanya kazi. Nimewafundisha wanafunzi, na kila mwaka nawaona wakinitazama kana kwamba nimewafundisha kuruka ukuta wa shule.

Hasara ya tatu iko kimya, na kwa hiyo ni mbaya zaidi. Tangu 2011 C++ ina uwezo wa kuhamisha kitu kikubwa badala ya kukinakili: safu yenye vipimo milioni moja inabadilisha mmiliki bila baiti moja ya vipimo kusogezwa. Kuhamisha ni kumnyang’anya mwenye kitu wa kwanza, yaani ni kumbadilisha. Kitu cha const hakibadilishwi, kwa hiyo hakihamishwi. Ukiomba kihamishwe, kompaila haitatoa kosa. Itanakili vipimo vyote milioni moja na kuendelea. Programu ni sahihi, ila imekuwa nzito, na aliyeongeza lile neno moja alidhani anaifanya kuwa salama.

Kisha kuna suala la kukumbuka majibu. Fankisheni isiyobadilisha chochote machoni pa mtumiaji mara nyingi inataka kuweka jibu pembeni ili isikokotoe tena. Kwa mtazamaji wa nje kitu hakijabadilika. Kwa ndani baiti zimebadilika. C++ iliruhusu hili kwa neno mutable. Lakini kuanzia kiwango cha 2011, maktaba sanifu ya C++ inachukulia kwamba fankisheni ya const inaweza kuitwa na thredi nyingi kwa wakati mmoja bila madhara. Kwa hiyo anayeandika pembeni kwa mutable bila kufuli amevunja ahadi ambayo huenda hajui kwamba aliitoa.

Walter Bright, aliyeianzisha lugha ya D, aliona mianya ya const ya C++ akaamua kuiziba. Katika toleo la pili la D, lililoanza kuonekana 2007, katazo linarithiwa: kitu kikiwa const, kila kinachofikiwa kupitia kwake nacho ni const, hadi mwisho wa mnyororo. Mutable hakuna. Ukilazimisha aina na kuandika, lugha haikuhakikishii tokeo lolote. Ni usanifu safi, na napenda kuufundisha kwa sababu unaonyesha bei yote mezani. Kukumbuka majibu ndani ya kitu cha const kukawa shida. Kuhesabu marejeo, yaani ile njia ya kujua ni wangapi bado wanakitumia kitu ili kifutwe wa mwisho akiondoka, nako kukawa shida, maana hesabu inakaa ndani ya kitu na lazima ipande na kushuka. Zaidi ya hapo, sasa kulikuwa na hali tatu, inayobadilika, ya kusomwa tu na isiyobadilika kabisa, hata ikabidi litungwe neno jingine, inout, ili watu wasiandike kila fankisheni mara tatu. Waandishi wengi wa D walimaliza mjadala kwa kuipunguza const katika programu zao. C++ ilikuwa na katazo linalovuja, D ikawa na katazo lisilovuja, na watu wakalikimbia la D. Hilo linastahili kutafakariwa na kila anayedhani tatizo la const ni ulegevu wake tu.

Lugha ya Rust ililigeuza swali. Badala ya kuuliza kama kitu kinabadilika, inauliza ni nani anayekishika sasa. Wapare hawakuwahi kudai maji ya ndiva yakae tuli. Ndiva hujazwa usiku na kufunguliwa asubuhi, na kilichowekewa utaratibu ni zamu, leo ni mkono wa nani ulio kwenye mlango wa maji. Ndivyo Rust inavyofanya kwa kumbukumbu ya kompyuta: wasomaji wawe wengi wapendavyo, au mwandishi awe mmoja peke yake, na makundi hayo mawili yasikutane. Mei 2014, mwaka mmoja kabla ya Rust 1.0, Niko Matsakis, mmoja wa wasanifu wake wakuu, aliandika kwamba neno mut kwenye rejea linapotosha, kwa kuwa jambo la msingi ni upekee wa mwenye rejea, si ruhusa ya kubadilisha. Alitaka jina lingine. Palizuka mabishano makubwa, na pendekezo likashindwa. Nadhani alikuwa na hoja nzuri kuliko waliomshinda, ingawa naelewa kwa nini hawakutaka kuzoea neno jipya.

Isidhaniwe kwamba Rust haina bei. Marudio yapo palepale: maktaba yake imejaa jozi za iter na iter_mut, get na get_mut. Na pale kompaila isipoweza kuona kwamba zamu zinaheshimiwa, kama katika miti ambayo matawi yanawakumbuka wazazi, mwandishi hukimbilia RefCell, ambayo inahamisha ukaguzi hadi programu inapofanya kazi. Ukikosea zamu, programu inasimama mbele ya mteja.

Lugha ya Go ilichagua kutolipa. Mwaka 2013 Brad Fitzpatrick alipendekeza safu za kusomwa tu, na Russ Cox akaandika tathmini yake kwa kupita ndani ya maktaba sanifu. Alikuta sehemu ambazo marudio yangepungua, na nyingine ambazo yangeongezeka, kwa sababu ile ile ya strchr. Pendekezo halikupita. Sura ya Go katika kitabu hiki ni fupi kwa sababu hiyo.

Mpaka hapa tumezungumzia makatazo. Kuna jambo kubwa zaidi, nalo ni data isiyobadilika kikweli, ambapo kila badiliko ni kitu kipya na cha zamani kinabaki kilivyokuwa. Wapenzi wake ni wengi, nami ni mmoja wao panapohusika thredi nyingi: kisichoandikwa na yeyote hakihitaji kufuli. Ila lazima tupige hesabu. Kifaa chetu kinachukua kipimo kila baada ya dakika 15, na kila kipimo kinaandikwa kwa mstari wa baiti 20. Baada ya siku 104 hivi kuna mistari 10,000, ambayo ni kilobaiti 200, kitu kidogo hata kwa simu ya bei rahisi. Sasa tuseme programu ya kupokea imeandikwa kwa lugha ambayo maandishi yake hayabadiliki, kama Java, na mwandishi anaunganisha mstari mmoja mmoja kwenye maandishi marefu. Kila kuunganisha kunanakili yote yaliyotangulia. Mstari wa kwanza unanakili baiti 20, wa pili 40, wa elfu kumi unanakili baiti 200,000. Ukijumlisha zote, baiti zipatazo bilioni moja zimehamishwa ili kupata faili la kilobaiti 200. Kisha atalaumiwa mtandao.

Kuna ufundi wa kupunguza unakili huo. Chris Okasaki aliukusanya katika kitabu cha 1998, na lugha ya Clojure, tangu 2007, inagawa safu zake katika mti wenye matawi 32 kila kiungo, hivyo badiliko moja linanakili vipande vichache tu na vingine vinatumiwa kwa pamoja. Ni kazi nzuri sana. Lakini inadai msafishaji wa kumbukumbu anayefagia mabaki, na inadai kumbukumbu ya kutawanyia vipande. Kwenye chipu yenye baiti 2,048 hakuna mahali pa kumweka msafishaji. Jedwali letu na nakala yake moja tu tayari ni nusu ya kumbukumbu yote.

Sijasahau kundi jingine la visivyobadilika, zile namba ambazo watu huziandika kwenye programu wakiamini dunia imekwisha kuziafiki. Kodi ya Ongezeko la Thamani ilianza Tanzania Julai 1998 kwa asilimia 20, na Julai 2009 ikawa 18. Kenya iliishusha yake kutoka asilimia 16 hadi 14 Aprili 2020, ikairudisha 16 siku ya kwanza ya 2021, na programu ya ankara iliyokuwa na kiwango kimoja tu cha const haikuweza kutoa risiti sahihi ya Desemba ikiwa tayari ni Januari. Mikoa ya Tanzania ilikuwa 26, ikawa 30 mwaka 2012 ilipozaliwa Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, na ikawa 31 mwaka 2016 kwa Songwe. Hata saa zetu: kanzidata ya kimataifa ya kanda za saa inaonyesha Nairobi ikiwa mbele ya Greenwich kwa saa mbili na dakika 45 hadi katikati ya 1942, na Februari 2021 Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja. Kila moja ya namba hizi haibadiliki wakati programu inakokotoa risiti moja, na kila moja imebadilika ndani ya umri wa mtu. Lugha inatoa neno moja kwa mambo yote mawili, na mwandishi anajikuta amechanganya uthabiti wa sekunde na uthabiti wa miaka.

Mfumo endeshi wa Linux una jibu dogo ninalolipenda. Tangu toleo la 4.6, la 2016, data inaweza kupewa alama inayoruhusu iandikwe wakati kompyuta inawaka, kisha ifungwe isiandikwe tena hadi itakapozimwa. Alama hiyo inataja muda waziwazi. Laiti lugha zenyewe zingeiga, badala ya kutuachia uchaguzi wa “kamwe” au “wakati wowote”.

Kitabu kinadhani umewahi kuandika programu ndogo za C na unajua kielekezi ni nini. Zaidi ya hapo kitakufundisha chenyewe. Sura za C na C++ zisome kwa mfuatano. Ya D inaweza kurukwa kwa mara ya kwanza, lakini irudie baada ya Rust, utaielewa zaidi. Maktaba za shule zetu hazina vitabu vya aina hii kwa Kiswahili, kwa hiyo nimeeleza polepole mahali ambapo mwandishi wa Kiingereza angekimbia, na sikuona aibu kurudia.

Msimamo wangu ni huu, na una haki ya kuupinga ukimaliza sura ya mwisho. Weka const kwenye majedwali yasiyohitaji kupimwa upya, kwenye namba za hisabati na kwenye milango ya fankisheni zinazosoma tu. Iondoe kwenye viungo vya ndani vya aina zako na kwenye vitu unavyokusudia kuvihamisha. Usiitegemee kwa kasi. Na kabla hujageukia sura ya kwanza, chukua programu yoyote uliyoiandika yenye mafaili kadhaa, tafuta fankisheni iliyo chini kabisa isiyo na const, ipatie data ya const, kisha fuata malalamiko ya kompaila hadi inyamaze. Hesabu mafaili uliyolazimika kuyagusa. Uje na hesabu hiyo.